Kwikwi ya mtoto mchanga si kiu

"Musawo, mtoto ana kiu." Ndivyo wanavyoniambia kina nyanya wengi hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, mtoto mchanga akishikwa na kwikwi. Musawo ni neno la Kiganda, lakini huku mpakani hata anayezungumza Kiswahili kitupu hutuita hivyo, wakunga na wauguzi. Nyanya akitamka hilo neno la kiu, mara nyingi kijiko kimeshafika mdomoni mwa mtoto, na kikombe cha maji ya uvuguvugu kipo kando, pengine kimetiwa sukari.

Nimekuwa mkunga miaka kumi na minne. Kwikwi yenyewe haijawahi kunipa shida wodini. Kijiko kile ndicho kinachonipa shida, na ndicho kilichonifanya niandike.

Kwikwi hutokea hivi. Chini ya mapafu kuna msuli mpana na mwembamba uliojiinua kama bakuli lililofudikizwa. Unaitwa kiwambo, na ndio unaotuvutia pumzi. Mshipa wa fahamu unaouongoza huanzia shingoni na kushuka kifuani. Mshipa huo au msuli wenyewe ukishtuliwa, kiwambo hujikaza ghafla, hewa huingia kwa kasi, na papo hapo mlango wa koo hujifunga. Mlio tunaousikia ni wa mlango huo. Sasa tumbo la chakula limekaa chini kabisa ya kiwambo, na la mtoto wa siku moja ni dogo sana: akinyonya mara moja hupata dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama, kama ya kijiko cha chai hivi, na inamtosha. Siku zikisonga maziwa huongezeka. Tumbo likijaa maziwa na hewa kwa haraka, hukisukuma kiwambo kutoka chini, nacho huanza kurukaruka.

Humo mote hamna kiu. Mwili hauombi chochote.

Huwa namgeukia mzazi mwenyewe na kumuuliza: mama, mimba ilipokuwa kubwa, hukuwahi kumsikia mtoto akigonga kwa mapigo yanayolingana, dakika kadhaa, halafu akatulia? Wengi hutabasamu, wanakumbuka. Ile ilikuwa kwikwi. Mtoto alikuwa nayo akiwa bado ndani ya maji ya uzazi, na ilikwisha bila mtu kumpa kitu. Watafiti wa University College London walipima umeme wa ubongo wa watoto wachanga 13 waliokuwa wakipata kwikwi, wakachapisha matokeo yao mwaka 2019. Waliona kwamba kila kiwambo kinaporuka, mawimbi huamka katika ubongo. Wanadhani huenda ndivyo ubongo unavyojifunza kuutambua msuli wa pumzi na baadaye kuutawala. Watoto njiti wanakadiriwa kuwa na kwikwi kama dakika 15 kwa siku. Nikiwaona njiti wetu kifuani kwa mama zao, wamefungwa kwa leso ngozi kwa ngozi, wakirukaruka hivyo, siku hizi moyo wangu hutulia.

Tuje kwenye maji. Maziwa ya mama yana maji tele, hata kwenye jua letu la Februari mtoto hahitaji mengine kabla ya miezi 6. Vijiko viwili au vitatu vya maji hujaza tumbo lile dogo. Mtoto hulala akiwa ameshiba kitu kisichomjenga, titi halinyonywi, na titi lisiponyonywa hutengeneza maziwa kidogo. Maji yakizidi hupunguza chumvi ya damu, na mtoto anaweza kupata degedege. Tena hayo maji yametoka wapi, na kikombe kimeoshwa na nini? Kuhara kwa mtoto wa wiki mbili si jambo la kungoja. Na kwa mama anayeishi na VVU, kuchanganya maziwa yake na vitu vingine katika miezi hiyo ya mwanzo humwongezea mtoto hatari ya kuambukizwa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2016 ulionyesha kwamba hapa Uganda asilimia 66 ya watoto waliokuwa chini ya miezi 6 walikuwa wakinyonya maziwa ya mama peke yake. Wengi wa wale wengine, kwa ninavyoona kazini, walianza na kijiko kidogo kama kile, kilichotolewa kwa upendo.

Asali usimpe hata kidogo, mpaka mtoto atimize mwaka mmoja. Inaweza kuwa na vijidudu vya kumpooza.

Kuna mtoto ambaye kwikwi humrudia kila siku saa ileile, na wa namna hiyo namwona sana hapa mjini. Mama yake anauza mukene, yaani dagaa, au nguo sokoni. Sheria ya ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi siku 60 za kazi za likizo ya uzazi, lakini mwenye meza yake sokoni nani atampa likizo? Wiki ya tatu amesharudi. Anamwacha mtoto na nyanya, anakuja mbio saa saba mchana kwa bodaboda, matiti yamejaa mpaka yanauma. Mtoto amelia nusu saa, amemeza hewa. Anapewa titi, maziwa yanaruka kama bomba, anagugumia, anakohoa, anaachia, anashika tena. Dakika kumi baadaye, kwikwi. Nyanya anasema maziwa ya mchana yamechomwa na jua.

Maziwa hayachomwi na jua ndani ya titi. Huyo mama namwambia akae kwanza, apumue, akamue kidogo kwa mkono mpaka ile nguvu ya kwanza ipungue. Kisha aegemee nyuma, mtoto alale juu ya kifua chake, ili maziwa yapande badala ya kumwagikia kooni. Mdomo wa mtoto uwe wazi kama anapiga miayo, kidevu kiguse titi, na sehemu nyeusi iingie mdomoni, si chuchu peke yake. Ukisikia mlio wa "tk, tk" wakati ananyonya, anavuta hewa. Mwachishe kwa kidole chako kisafi pembeni mwa mdomo, umshikishe upya. Bora zaidi, kabla ya kutoka asubuhi akamue maziwa kwenye kikombe kisafi chenye kifuniko. Yatakaa kwa muda wa saa nne bila friji mahali penye ubaridi, na nyanya atamnywesha mtoto kwa kikombe anapoanza kunyonya ngumi, kabla hajalia. Nyanya akipewa kikombe hicho hana tena haja ya kile cha maji.

Kwikwi ikija katikati ya kunyonya, mwinue begani, mpapase mgongo mpaka acheue. Akitaka titi tena, mpe. Nilipoanza kazi niliwaambia kina mama waache kunyonyesha mpaka kwikwi ikome, na nikaona watoto wakilala na njaa. Nasikitika kwa hilo hadi leo.

Na ule uzi uliolowekwa mate, unaobandikwa kwenye paji la uso? Kwikwi huisha yenyewe, ndipo uzi husifiwa. Mimi huuondoa, kwa sababu uzi hufika mdomoni au hujifunga kwenye kidole cha mtoto, na mate ya mtu mzima yanaweza kuwa na magonjwa. Kumshtua, kumvuta ulimi au kumbonyeza utosi, hapana kabisa.

Ila usimwache nyumbani mtoto anayekataa kunyonya, aliyelegea asiyeamka vizuri, anayetapika kijani au kutapika kwa nguvu kila anaponyonya, mwenye joto la 37.5 au zaidi, au anayepumua mara 60 na zaidi kwa dakika. Hesabu dakika nzima, akiwa ametulia. Na kama huna hakika ni kwikwi au degedege, mshike mkono au mguu unaoruka: ukiendelea kuruka ndani ya kiganja chako, au macho yamekodoa upande mmoja, mbebe mkimbie kituo cha afya, hata kama ni usiku.