Hiyo uliyopeleka si rufaa

Mzee mmoja aliyetumikia jeshi la Marekani aliniambia amekata rufaa mara tatu, na bado goti lake limeandikwa ulemavu wa asilimia 10. Nikaomba kuona makaratasi. Yote matatu ni fomu 20-0995, ya dai la nyongeza, kila moja na picha yake ya eksirei. Rufaa hapo haipo hata moja.

Rufaa ni kupeleka uamuzi usioridhika nao kwa mamlaka ya juu ili iupime. Neno lina asili ya Kiarabu, kwenye mzizi wenye maana ya kuinua, kupandisha. Ndiyo maana mgonjwa aliyeshindikana chini hupandishwa hospitali ya rufaa. Pasipo kupanda, hakuna rufaa. (Hilo "kukata" lisikuchanganye, tunakata tiketi na tunakata shauri, na kisu hakionekani.)

Sheria ya Marekani ya 2017, iliyoanza kutumika Februari 2019, inampa mwanajeshi wa zamani njia tatu za kupinga uamuzi wa fidia ya ulemavu. Dai la nyongeza, ndiyo hiyo 20-0995, linataka ushahidi mpya unaohusika, na linaamuliwa ndani ya idara ileile ya wanajeshi wa zamani iliyotoa uamuzi. Mapitio ya ngazi ya juu, fomu 20-0996, yanampa afisa mwandamizi jalada lilelile alisome upya. Jina hilo ndilo linalowaponza wengi: mtu anasikia "juu", anabandika barua nzito ya daktari wa mifupa, kisha anashangaa majibu hayaitaji. Haiwezi kutajwa, kwa sababu mapitio hayapokei ushahidi mpya.

Rufaa yenyewe ni fomu 10182, inayokwenda kwa Bodi ya Rufaa za Wanajeshi wa Zamani, kwa jaji. Hata huko, ukichagua mapitio ya moja kwa moja (jaji husoma jalada lililopo tu), ushahidi mpya haupokelewi.

Mapitio ya ngazi ya juu na rufaa vina muda wa mwaka mmoja tangu tarehe ya barua ya uamuzi. Dai la nyongeza unaweza kulipeleka hata baadaye, ila ukichelewa, kwa kawaida malipo yatahesabiwa tangu ombi jipya lilipopokelewa, si tangu lile la kwanza.

Kwa hiyo mzee wangu, hukukosea njia, maana eksirei mpya mahali pake ni kwenye dai la nyongeza. Ila ukimpigia mwakilishi wako kesho, usimwambie "rufaa yangu". Mtajie namba ya fomu.