Haki ya ardhi ya jamii za asili: hati huna lakini ardhi ni yako

Watu wengi wakisikia haki ya ardhi akili inaenda moja kwa moja kwenye hati, ile karatasi yenye muhuri, na kama huna basi ardhi inahesabika ni ya serikali. Sheria ya kimataifa kuhusu jamii za asili inaanzia kwingine kabisa: kama jamii imeishi pale vizazi na vizazi, imewinda, imechunga, imezika wazee wake na kufanya matambiko yake pale, basi haki tayari ipo, kazi ya serikali ni kuitambua, kupima mipaka na kuiandika. Sio zawadi. Ukishika hapo mengine yote yanaeleweka.

Imeandikwa wapi sasa? Kuna Mkataba wa ILO (Shirika la Kazi Duniani) namba 169 wa mwaka 1989, ila huu unaibana nchi iliyouridhia tu, na ni chache, hazifiki 30, kwa Afrika ni Jamhuri ya Afrika ya Kati peke yake. Halafu kuna Azimio la Umoja wa Mataifa la 2007 kuhusu haki za jamii za asili, nchi 144 zilikubali, nne zikakataa (Marekani, Kanada, Australia na New Zealand, baadaye zote zikageuza msimamo). Azimio halibani kama mkataba lakini majaji wanalitumia sana.

Mfano mzuri ni wa Awas Tingni, jamii ya Wamayangna kule Nikaragua. Serikali iliipa kampuni leseni ya kukata miti kwenye msitu wao kwa hoja kwamba hawana hati. Wakaenda na ramani waliyochora, wazee wakatoa ushahidi kuhusu sehemu za kuwinda, za kuvua, na vilima vyao vitakatifu, na mwaka 2001 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika ikasema kule kuimiliki ardhi kimila kunatosha wao kudai itambuliwe rasmi. Hati waliipata Desemba 2008, zaidi ya hekta 73,000. Miaka saba baada ya kushinda!

Kitu kingine utakachokutana nacho kila mahali ni ridhaa huru, ya mapema na yenye taarifa. Huru maana yake hakuna vitisho wala rushwa, mapema ni kabla leseni haijatoka, sio mnaitwa kwenye mkutano wakati matrekta yapo tayari porini, na taarifa ni kwamba mmeelezwa kwa lugha mnayoielewa, pamoja na hasara. Kuhamisha watu bila ridhaa hiyo Azimio linakataza waziwazi. Kwenye migodi na mabwawa ndo kuna ubishi, serikali nyingi zinadai kazi yao ni kushauriana tu, lakini kwenye kesi ya Wasaramaka, jamii ya msituni kule Suriname, Amerika ya Kusini, dhidi ya serikali yao, 2007, mahakama ileile ilisema mradi mkubwa wenye athari kubwa unahitaji ridhaa, na mimi naona hapo walisema kweli, maana kumuuliza mtu huku jibu lake halibadilishi kitu sio kumuuliza.

Kwetu Afrika kesi kubwa ni ya Waogiek wa msitu wa Mau, Kenya. Mwaka 2009 walipewa siku 30 waondoke, sababu iliyotolewa ikiwa ni kulinda msitu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha mwaka 2017 ikasema hakuna ushahidi kwamba wao ndo walioharibu Mau, na 2022 ikaamuru warudishiwe ardhi kwa hati ya pamoja na walipwe fidia, jumla shilingi za Kenya 157,850,000. Ushindi mkubwa kweli, lakini mahakama haina askari wake, utekelezaji unarudi kwa serikali ileile iliyoshtakiwa, na Novemba 2023 familia za Waogiek zilikuwa zinavunjiwa tena nyumba ndani ya Mau.