Breki kabla ya kona, gari likiwa bado limenyooka

Barabara ya Mwandiga kwenda Manyovu, mkoani Kigoma, inapanda na kushuka milima ya Buhigwe, na kona zake nyingi zimezibwa na kingo za mlima, huoni kinachokuja. Sisi wakufunzi wa udereva tunasisitiza jambo moja kuliko yote: maliza kupunguza mwendo kabla hujakata usukani.

Sababu iko kwenye matairi. Gari likishakolea mwendo hutaka kwenda moja kwa moja. Kinacholigeuza ni msuguano wa tairi na barabara tu, na msuguano huo una mpaka. Ukikanyaga breki kwa nguvu katikati ya kona, sehemu yake inatumika kulisimamisha gari, na inayobaki huenda isitoshe kuligeuza. Wengi hudhani mwendo ukiongezeka mara mbili, hatari nayo ni mara mbili. Sivyo. Kona ileile ukiipita kwa kilomita 80 kwa saa badala ya 40, nguvu inayohitajika kuligeuza gari ni mara 4. Lami ikilowa, au tairi likiwa kipara, mpaka huo unafikiwa mapema zaidi.

Kwa kuwa tunaendesha upande wa kushoto, kona ya kulia ikikushinda utaishia mtaroni au korongoni. Ya kushoto itakuvusha mstari wa kati, uso kwa uso na anayekuja. Hii naiogopa zaidi, kwa sababu inamchukua na asiye na kosa.

Kwenye mteremko, shusha gia kabla ya kuanza kuteremka ili injini ikusaidie kulizuia gari. Wapo wanaoweka gia huru eti waokoe mafuta. Tafadhali acheni! Breki zinabaki na kazi yote, zinapata moto, na zikizidi moto hazishiki.

Wenye pikapu wanaobeba madumu ya mawese wayapange chini na kuyafunga. Mzigo ukirundikwa juu, gari hupinduka kwa mwendo ambao likiwa tupu lingepita salama. Na usilipite gari lingine mahali usipoona mbele, hata kama lililo mbele yako linatambaa.

Ukijikuta umeingia kwenye kona na mwendo mkubwa, achia mafuta taratibu, elekeza macho unakotaka gari liende, zungusha usukani bila kuukata ghafla, na ubaki upande wako.