Mgongo huharibika siku unapojisikia vizuri

Wagonjwa wangu wa mgongo hurudi kliniki wamepinda siku ya Jumatatu. Ijumaa maumivu yametulia, basi Jumamosi mtu anaamua kufidia wiki nzima: nguo za watoto, mashuka, mapazia, kudeki uani, kisha sokoni. Jumapili hawezi hata kujigeuza kitandani. "Lakini dokta, Jumamosi nilikuwa nimepona!" (Mimi si daktari, ni mtaalamu wa fiziotherapia, ila nimeshaacha kubishana.)

Kwa mwenye maumivu sugu, yaani yaliyopita miezi mitatu, siku nzuri ndiyo ya kuiogopa. Siku mbaya itamlaza tu. Siku nzuri humfanya azidishe, akazidisha anaanguka siku tatu, na katika kulala huko misuli inapungua nguvu. Jumamosi inayofuata anaanza akiwa chini ya alipokuwa. Mwaka ukiisha anaweza machache kuliko mwanzo, na hakuna aliyejitahidi kama yeye.

Tena maumivu ya aina hii hayalingani na ukubwa wa jeraha. Mfumo wa fahamu ulioumia muda mrefu huwa kama king'ora cha gari kilichotegwa vibaya: paka akipita tu juu ya boneti, kinalia mtaa mzima. Kulala hakukirekebishi, na kulazimisha kazi hukizidisha. Kinachousaidia mwili ni mjongeo wa kiasi kilekile, unaorudiwa mara nyingi bila kuuchokoza.

Wazo hili si jipya. Miaka ya 1970 mwanasaikolojia Wilbert Fordyce, wa Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Marekani, aliwapangia wagonjwa wa maumivu sugu kiwango cha mazoezi, wakakifuata bila kujali siku hiyo wanajisikiaje. Mtu alipumzika kwa sababu amemaliza kiwango chake, si kwa sababu ameumia. Bado sijaona njia inayoishinda kwa mgonjwa wa nyumbani asiye na mashine yoyote.

Tuchukue kufua. Siku tatu tofauti, tumia saa ya simu kupima unaweza kuinamia beseni dakika ngapi kabla maumivu hayajaongezeka. Tuseme umepata 12, 7 na 11. Wastani wake ni 10, lakini anza na 8. Simu ikilia, nyanyuka, hata kama imebaki soksi moja. Anika zilizokwisha, tembeatembea, rudi baadaye kwa dakika 8 nyingine. (Na beseni lipandishe juu ya stuli, sijui nani alituambia kufua lazima kuwe chini.) Siku mbaya fanya hizohizo 8, au nusu yake ukishindwa, mradi usiache kabisa. Wiki ikipita bila kuanguka, ongeza dakika moja.

Kunyanyuka ukiwa bado una nguvu ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Wengi hunijibu kwa haba na haba hujaza kibaba, kisha Jumamosi wanamwaga kibaba chote. Wengine wanashindwa kwa sababu ya watu wa nyumbani. Wifi akikukuta umekaa na nguo zimeloweka, utasikia maneno. Ndiyo maana huomba mgonjwa aje na mtu anayeishi naye, nimweleze mwenyewe kwamba kule kukaa ni sehemu ya tiba. Mume aliyesikia hayo kliniki mara nyingi ndiye anayekuwa mlinzi mkali wa zile dakika 8.

Haya ni kwa mgongo uliokwisha kuchunguzwa. Ukipata ganzi sehemu za siri, mkojo au haja kubwa ikakutoka bila kujizuia, mguu ukaanza kulegea, au maumivu yakaja pamoja na homa, usihesabu dakika yoyote. Nenda hospitali siku hiyohiyo.