Paka wa Kupro na paka wa jikoni kwako: maswali na majibu

Picha za paka wakubwa wa Kupro (Cyprus), kisiwa cha Bahari ya Mediterania, zimezunguka sana kwenye simu za watu hapa Kampala. Wengine wanataka kumnunua, wengine wanamwogopa kwamba analeta korona. Nimekusanya maswali yanayoulizwa mara nyingi na kuyajibu hapa.

Daktari, ni kweli paka wa Kupro ni wa kale kuliko wa Misri?

Ushahidi wa zamani zaidi tulio nao wa mtu kuishi na paka unatoka Kupro, kisiwa alikozaliwa Barnaba wa Matendo ya Mitume. Mwaka 2004 mtafiti Mfaransa Jean-Denis Vigne na wenzake walitangaza kaburi la miaka 9,500 hivi, lililofukuliwa katika kijiji cha kale cha Shillourokambos. Alilazwa humo mtu wa miaka kama 30. Sentimita 40 tu kutoka kwake, katika kishimo chake mwenyewe, alilazwa paka wa miezi minane hivi, mifupa yote mahali pake, bila alama ya kuchinjwa. Wote wawili walielekezwa vichwa upande mmoja. Michoro ya Misri ya paka wa nyumbani ilikuja maelfu ya miaka baadaye.

Kisiwa kile hakikuwa na paka wa asili, kwa hiyo huyo, au wazazi wake, waliletwa kwa mashua. Wakulima walikuwa na nafaka, nafaka ikaita panya. Mwenye ghala la mahindi Masindi hahitaji kuelezwa zaidi. Kuna pia masimulizi ya Kikristo kwamba Mtakatifu Helena, mama wa mfalme Konstantino, alipeleka paka kisiwani katika karne ya nne ili waue nyoka, na hadi leo ipo monasteri ya Mtakatifu Nikolao wa Paka, katika rasi ya Akrotiri. Hata hivyo, kaburi lile halithibitishi kwamba kila paka wa Kupro wa leo ni mjukuu wa paka yule. Meli za kila upande zimetia nanga pale kwa karne nyingi, na paka hupanda meli.

Anatambulikaje?

Ni mrefu, mwenye misuli, miguu ya nyuma imezidi kidogo ya mbele, kichwa cha pembetatu. Wapo wenye manyoya mafupi na wenye manyoya marefu kiasi. Hukua polepole, hata miaka mitatu hivi kufikia umbo lake kamili. Hupenda kurukaruka na hupenda watu. Shirika la World Cat Federation lilimtambua mwaka 2012 kwa jina la Aphrodite's Giant.

Nimwagize kutoka nje?

Mimi nisingekushauri. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Karibu. Jamaa zake wapo hata kwenye mbuga zetu. Pesa ya nauli ya ndege ingetosha kumchanja paka uliye naye, kumhasi na kumtibu minyoo kwa miaka mingi.

Je, korona ya paka wa Kupro inaambukiza watu?

Hapana. Mwaka 2023 paka wengi kisiwani walipata ugonjwa uitwao FIP: homa isiyosikia antibayotiki, kukonda, tumbo kujaa maji, wengine macho kubadilika au miguu kulegea. Uliletwa na kirusi cha korona ya paka kilichochanganyika na korona ya mbwa, na si kile cha Covid-19. Idadi ya paka 300,000 waliodaiwa kufa ilitiwa chumvi. Madaktari wa mifugo wa huko wenyewe waliipinga. Mwezi Agosti mwaka huo serikali iliruhusu vidonge vya molnupiravir, vilivyokuwa vimehifadhiwa kwa ajili ya watu wenye Covid-19, vitumike kuwatibu.

Paka wangu anakula posho (ugali) na maziwa. Inatosha?

Haitoshi, mama. Paka ni mla nyama kwa maumbile. Bila taurini, kirutubisho anachokipata kwenye nyama na samaki, macho na moyo wake huharibika taratibu. Mukene (dagaa) ni msaada mkubwa na bei yake inavumilika: uchague usio na chumvi, uuoshe mpaka mchanga uishe chini ya sufuria, uuchemshe, kisha uchanganye na posho kidogo. Maziwa huwaharisha paka wengi wakubwa, mpe maji. Na nakuomba sana, akiumwa usimpe Panadol. Ini lake haliwezi kuivunja, na kidonge kimoja kinaweza kumuua. Dawa ya kupe ya ng'ombe nayo usimpake kamwe.

Paka wa jirani amemng'ata mwanangu. Nifanye nini?

Hapa ndipo pa kuogopa. Kichaa cha mbwa hukaa hata kwa paka, na dalili zikishaanza kwa mtu, karibu kila mgonjwa hufa. Kabla ya hapo kinazuilika. Osha kidonda sasa hivi kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Usipake pilipili, majani wala mafuta ya gari. Kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo, eleza kwamba ni paka aliyeng'ata, ili uelekezwe palipo na chanjo, na umalize sindano zote utakazopangiwa hata kama kidonda kimepona. Paka huyo asiuawe na kutupwa. Mfungieni, mumjulishe afisa mifugo wa wilaya. Wa kwako mchanje akifika miezi mitatu, halafu urudie kila mwaka.

Nina mimba. Nimtoe paka nyumbani?

Hakuna haja. Kinachohofiwa ni toksoplasma, vijidudu vinavyotoka kwenye kinyesi cha paka. Huchukua siku moja hadi tano kabla ya kuweza kuambukiza, ndiyo maana choo chake kisafishwe kila siku, na mtu mwingine. Ukilima bustani vaa glavu, osha mboga za majani kama dodo na nakati vizuri, na muchomo (nyama choma) uive mpaka ndani. Nyama mbichi nayo huambukiza. Anayeishi na VVU azingatie hayo hayo, na asiache Septrin, dawa ya kinga aliyoandikiwa kliniki.