Je, wajua kwa nini mguu wa mbele wa Triumph Herald hutiwa oili, si girisi?

Fundi akiona nipeli, ile chuchu ndogo ya kusukumia girisi, kwenye mguu wa mbele wa gari la zamani, yaani sehemu inayoshika gurudumu, mkono hukimbilia pampu ya girisi. Kwa magari mengi hakosei. Kwa Triumph Herald, gari la Kiingereza lililotoka mwaka 1959, pamoja na ndugu zake Vitesse, Spitfire na GT6, anakosea, na kosa lenyewe huchukua miaka kujitokeza. Siku likijitokeza, gurudumu hulala chini ya bodi.

Kosa linatokana na kudhani kwamba chini ya mguu ule kuna boli jointi, yaani kiungo chenye gololi ndani. Boli jointi ipo, ila iko juu tu. Chini kuna kitu kingine kabisa: nguzo ya chuma iliyosimama wima, ncha yake imechongwa hesi kama bolti, na ncha hiyo imefungwa ndani ya kipande cha shaba nyeusi kiitwacho trunioni. Trunioni nayo imeshikwa kwenye amu ya chini, ule mkono wa chuma unaotoka kwenye chesisi, kwa bolti ndefu inayopita katikati ya bushi za nailoni, vijibomba vinavyozuia chuma kusuguana na chuma. Kwa hiyo ukikata kona, gurudumu halizunguki juu ya gololi. Bolti inazunguka ndani ya nati. Nati haikazwi mpaka mwisho wala haifunguki, kwa sababu kutoka kona ya kulia hadi ya kushoto nguzo huzunguka kama robo ya mzunguko tu. Na kwa kuwa hesi za pande mbili zimechongwa kinyume, ukizungusha usukani, upande mmoja wa gari hunyanyuka kidogo sana na wa pili hushuka. Uzito wa mbele wote umetegemea meno ya hesi mbili!

Hapo ndipo oili inapoingia. Nafasi kati ya jino na jino ni nyembamba mno na njia yake ni ndefu, inazunguka nguzo kama ngazi ya mnara. Fikiria samli iliyoganda na mafuta ya alizeti juu ya ufa mwembamba wa ubao: samli hukaa juu pale ulipoipaka, mafuta hujipenyeza yenyewe. Oili nzito ya gia hufanya hivyo, hupanda hesi kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi wa koroboi, na kila ukikata kona inasambazwa upya. Girisi hupita penye upenyo mkubwa na kuacha kwingine kukavu. Baada ya muda oili iliyomo ndani yake hutoka, unabaki utando mgumu unaoziba njia. Maji ya barabarani yakishaingia kutoka juu, hayana pa kutokea. Kutu huanza kula meno ya chuma, hesi inakuwa nzito, na nguvu za usukani ambazo zingezungusha nguzo zinaanza kuikunja na kuisokota. Ufa huanzia kwenye hesi. Mara nyingi nguzo hukatika gari likienda polepole, usukani umekatwa mpaka mwisho, kama wakati wa kuegesha, maana hapo ndipo inaposokotwa zaidi.

Ni haki kusema pia kwamba nyingi ya nguzo zilizokatika zilikaa miaka bila kutiwa chochote, hivyo si rahisi kutenga kosa la girisi na kosa la kusahau. Wapo wanaotetea girisi laini inayosukumwa mara kwa mara. Huenda ikatosha, lakini oili haihitaji utetezi huo.

Kupima uchakavu wa trunioni: nyanyua gari, weka stendi chini ya chesisi, shika gurudumu juu na chini ulitikise huku mwenzako amekanyaga breki. Breki huondoa mchezo, yaani kulegea, wa beringi. Mchezo unaobaki uangalie pale chini, kwenye trunioni.

Ukiamua kubadilisha, jiandae kupambana na ile bolti ndefu. Hushikana kwa kutu na bomba la chuma lililo ndani ya bushi, na mara nyingi hukatwa kwa msumeno. Kama gari lina breki za diski, kalipa, kile kifaa kinachobana diski, ifunge kwa waya, usiiache ining'inie kwenye mpira wa breki. Trunioni ikitoka, safisha hesi ya nguzo kwa brashi na petroli, kisha itazame kwenye mwanga mkali. Meno yakiwa makali kama ya msumeno, au yana vishimo vya kutu, tupa nguzo. Trunioni mpya juu ya nguzo iliyoliwa si matengenezo.

Hakikisha trunioni ya kulia inakwenda kulia. Paka hesi oili, ingiza trunioni mpaka mwisho, kisha irudishe nyuma chini ya mzunguko mmoja, matundu yakae sawa na amu na usukani ufike pande zote mbili bila kugonga. Bolti mpya ipake girisi isiyoshindwa na maji; hapo girisi ni mahali pake. Ukigusa bushi za mpira za amu upande wa chesisi, zikaze gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo zitachanika mapema. Malizia kwa alaimenti, yaani kunyoosha mwelekeo wa magurudumu.

Oili ni ya gia, namba 90, daraja la GL-4. Toa kizibo kidogo cha trunioni, funga nipeli, jaza oili kwenye pampu safi, na usukume gari likiwa limenyanyuliwa huku usukani ukizungushwa pande zote. Mwanzoni yatatoka maji ya rangi ya kahawia juu, chini ya ringi ya mpira. Endelea mpaka itoke oili safi. Rudia angalau mara moja kwa mwaka. Kama oili inachuruzika chini ndani ya siku chache, kisahani kinachoziba kitako cha trunioni kimeachia, na hapo hesi inarudi kuwa kavu.