Mtiririko wa gesi baridi kutoka kwenye galaksi

Nyota huzaliwa ndani ya gesi baridi, ya makumi machache tu ya nyuzi juu ya sifuri halisi, yaani baridi ya mwisho kabisa, karibu nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi. Gesi hiyo inaposukumwa kutoka katikati ya galaksi kwenda nje, ama na nyota zinazolipuka ama na nguvu za shimo jeusi, huitwa mtiririko wa gesi baridi. Ni jambo zito. Gesi ya moto haizai nyota mpaka ipoe kwanza. Ikiondoka hii baridi, galaksi imepoteza akiba iliyokuwa tayari kutumika.

Anayesimama Kayabwe, ikweta inapokata barabara ya Kampala kwenda Masaka, ana anga la bahati: NGC 253 hupita kusini kwake na M82 kaskazini, galaksi mbili maarufu kwa mitiririko hii. Mwaka 2013 ilitangazwa, kwa vipimo vya darubini za ALMA huko Chile, kwamba NGC 253 hupoteza kila mwaka gesi yenye uzito wa jua 3 au zaidi, pengine 9. Nyota zinazozaliwa katikati yake kwa mwaka ni uzito wa jua 3 hivi.

Gesi hii haing'ai machoni, ndiyo maana hutafutwa kwa redio. Atomu za hidrojeni husikika kwenye megahezi 1420, juu sana ya stesheni za FM za Kampala. Molekuli za hidrojeni zikiwa baridi hunyamaza, basi hufuatwa kaboni monoksidi iliyochanganyika nazo, kwenye gigahezi 115.

Sasa, mwelekeo hujulikanaje? Gesi ikija kwetu, masafa ya mawimbi yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, hupanda. Hilo pekee halitoshi, kwa sababu gesi iliyo nyuma ya galaksi ikiangukia ndani nayo itakuwa inatujia. Jibu zuri kabisa liko kwenye mfyonzo. Kiini cha galaksi kikiwa na mng'ao mkali wa redio, gesi iliyo mbele yake humeza sehemu ya mawimbi na kuacha pengo. Pengo linathibitisha kwamba gesi iko kati yetu na kiini. Likikaa kwenye masafa ya juu kuliko ya galaksi yenyewe, kwa kasi inayozidi mzunguko wa kawaida, gesi inatujia, yaani inakikimbia kiini.

Kwa galaksi za mbali, kupanuka kwa ulimwengu hushusha masafa yote, kwa hiyo badiliko hilo huondolewa kwanza kwenye hesabu. Ndivyo ilivyopimwa galaksi ya SPT2319-55, ambayo mawimbi yake yamesafiri zaidi ya miaka bilioni 12: mwaka 2018 ilielezwa kuwa gesi yake hutoka kwa kasi inayofika kilomita 800 kwa sekunde.

Kasi hiyo inatatiza, kwani msukumo mkali namna hiyo ungetarajiwa kuzivunja molekuli. Wapo wanaoona kwamba mawingu ya gesi hukokotwa yakiwa mazima. Wengine, kwamba gesi huchemka, hutoka, kisha hupoa na molekuli kuundwa upya njiani.